Aliyemuuliza Mtu Sakaratini

Ukitaka kumuudhi Bi Mwalimu, mpelekee habari za watu. Si kwamba hakuzipenda. Alizipenda kuliko tambuu, na tambuu haikuwa ikimtoka mdomoni. Lakini kabla hujafika mbali angekukata: "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, anataka kujua na nani, na huyo naye aliona au aliambiwa. Mpaka mfike kwenye chanzo habari yenyewe imeshanyauka, na wewe unajiona mjinga kwa kuibeba njia nzima. Wanawake wa mtaani kwetu wakiwa na jambo zito walikuwa wakizungukia nyuma ya nyumba yake ili wasikamatwe.

Mimi niliolewa nyumba ya pili na yake, katikati ya miaka ya hamsini, nikitokea Makoongwe, kisiwa cha wavuvi. Kijiji nilichoolewa kiko upande wa Wete, mahali ambapo mikarafuu inaanzia mlangoni. Mtu wa Makoongwe anajua samaki. Karafuu mimi nilizijua kwenye pilau tu. Siku ya kwanza natoka nje na ubibi harusi wangu, nikapita katikati ya jamvi lake la karafuu mbichi zilizoanikwa. Alinitazama miguu, akamtazama mama mkwe wangu, akasema, "Huyu mmemtoa baharini hata kukauka hamkumngoja." Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Aliniita Makoongwe, na watoto wake wa chuo cha Kurani nao wakaniita Bi Makoongwe, na nilipochoka kukasirika nikaanza kuitika.

Umri wake sitausema kwa sababu siujui, na siujui kwa sababu alikuwa akiusemea uongo. Ndiyo, uongo. Mwanamke aliyesumbua kijiji kizima kwa kutaka ukweli alikuwa na uongo wake mdogo mdogo ambao hakuuonea haya hata kidogo. Alisema hali tumbaku, na midomo yake ilikuwa myekundu asubuhi mpaka jioni. Alisema supu ya kwake haitiwi unga, na mimi nimemwona akitia. Aliwaambia watoto kwamba fimbo yake inanusa uongo, kisha huipitisha mbele ya pua zao mmoja mmoja, na mwenye kosa hurudi nyuma kabla fimbo haijamfikia. Nilipomwambia kwamba huo nao ni uongo, alinijibu kwamba fimbo haijawahi kukosea, kwa hiyo nimwache.

Alifundisha Kurani kwenye ukumbi wa nyumba yake, wavulana na wasichana pamoja, kwa sauti iliyofika kisimani. Hakuwa na subira na mtoto anayekisia. Mtoto akisahau, alimwambia aseme "sijui" kwa sauti kubwa, na akisema hivyo hapigwi. Akikisia, hata kama kakisia sawa, anarudishwa mwanzo wa sura. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wamezoea kusema "sijui" mpaka mbele ya wageni. Alicheka mpaka mate mekundu ya tambuu yakamdondokea kwenye kanga.

Adui yake pale kijijini alikuwa mmoja, jirani wa upande wa pili, ambaye nitamwita Mwenye Mbuzi kwa sababu ndivyo wote tulivyomwita. Mbuzi wake hawakufungwa kamba tangu waumbwe. Kila kiangazi waliingia kwenye muhogo wa Bi Mwalimu na kuuacha vijiti. Mwaka mmoja alimkamata beberu, akamfunga kwenye nguzo ya ukumbi pamoja na watoto, na akampelekea mwenyewe salamu kwamba beberu ameanza chuo na atarudishwa akihitimu Fatiha. Mwenye Mbuzi akaja na maneno makali. Bi Mwalimu akayajibu na kuyazidisha. Hawakuwa wakiamkiana, na katika kijiji cha kwetu kutoamkiana ni kazi, maana mnakutana kisimani, msikitini, dukani, mazikoni. Wao waliifanya kazi hiyo vizuri.

Nataja ugomvi huu ili lijulikane jambo moja mapema: yule mtu hakuwa kipenzi chake. Alimchukia wazi wazi, na aliendelea kumchukia baadaye.

Mwenye Mbuzi alikuwa na koti. Lilikuwa koti zito la jeshi, alilopewa na jamaa yake aliyekwenda vitani na kurudi, lenye vifungo vikubwa na kola ya kufunika masikio. Pemba nzima labda kulikuwa na mengine, lakini kijijini kwetu lilikuwa hilo moja. Wakati wa msimu, karafuu zinapokaushwa, wanaume hupeana zamu kulinda majamvi wasije wezi, na mvua za vuli zikishuka kwenye banda la ulinzi kuna baridi. Mwenye Mbuzi alipomaliza zamu yake ya kwanza alilitundika koti msumarini, na aliyemfuata akalivaa, na aliyemfuata huyo pia. Likawa linakaa bandani msimu mzima. Kila mlinzi alilivaa, na kila mtu aliendelea kuliita koti la Mwenye Mbuzi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kufikiria.

Bi Mwalimu hakujaliwa mtoto. Mdogo wake, waliyezaliwa tumbo moja, alikuwa na kijana mmoja tu, na kijana huyo alilelewa zaidi kwenye ukumbi wa mama mkubwa wake kuliko kwao. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kucheka kabla hujamaliza mzaha. Alikuwa amewahi kugombana na Mwenye Mbuzi kwa ajili ya ule muhogo, mpaka wakashikana mashati mbele ya watu. Hilo nalo kila mtu alilijua.

Jioni moja ya msimu, kiza kimeshaanza kushika chini ya mikarafuu, wachumaji waliokuwa wakirudi walimkuta amelala njiani, si mbali na banda, na jeraha la kisu ubavuni. Inaonekana alimkuta mtu akijaza pakacha kwa karafuu zisizo zake. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba wakamleta nyumba ya karibu, nayo ilikuwa ya Bi Mwalimu. Mtu akatumwa Wete kutafuta gari. Mwengine akatumwa kumwita mama yake, aliyekuwa akikaa mwisho wa kijiji. Chumba kikajaa wanaume. Mimi nilikuwa uani nachemsha maji, na nilichokisikia mimi kwa masikio yangu ni Yasin tu, inasomwa na watu wengi kwa sauti ya juu.

Yaliyobaki niliambiwa. Niliambiwa na Bi Mwalimu, na yeye aliyasikia.

Mkubwa wa ukoo alimwinamia kijana akamuuliza nani kamfanya hivi. Kijana akasema, "Mwenye Mbuzi." Wote chumbani walisikia. Mkubwa akasema, "Tumesikia, mwanangu, tumesikia," na hapo hapo wakaanza kusoma. Ndiyo desturi yetu. Mtu akishafika pale hapewi maneno ya dunia tena. Anasomewa, anatiwa tone la maji mdomoni, anakumbushwa shahada, na neno lake la mwisho kwa watu huchukuliwa kama lilivyo na kuwekwa kama amana. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa namna ile hebu rudia. Ingekuwa utovu wa adabu, na wengine wangesema ni dhambi.

Bi Mwalimu alikuwa kichwani pa kitanda na pamba yenye maji. Alimwinamia kijana mpaka sikio lake likagusa mdomo wake, na katikati ya Yasin ile akamuuliza lile alilomuuliza tangu ana miaka ya kukaa chuoni: "Umeona au umeambiwa?"

Na kijana akajibu kama mtoto wa chuoni. "Nimeona koti, mama mkubwa. Uso sikuuona. Kiza."

Kisha Bi Mwalimu akamtia shahada sikioni. Ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, lakini kidole cha shahada kilinyooka juu ya mkeka, na kilikuwa kimenyooka hivyo hivyo pumzi zilipokatika. Mama yake aliingia baada ya hapo. La kwanza aliloliuliza ni kama mwanawe ametamka shahada. "Kwa kidole," alisema Bi Mwalimu.

Koti lilikutwa asubuhi limetupwa chini ya mkarafuu, na damu. Askari walikuja, wakawahoji wanaume waliokuwamo chumbani, wote wakasema jina walilolisikia, na walisema kweli. Mwenye Mbuzi akachukuliwa. Aliyekuwa na zamu jioni ile alisema aliondoka bandani mapema kwenda kusali na koti aliliacha msumarini. Mwenye Mbuzi alisema alikuwa anatafuta mbuzi aliyepotea. Kijiji kizima kikacheka kwa uchungu, maana mbuzi wa mtu yule lini hawakupotea?

Kesi ya namna ile mwisho wake ni kitanzi, na hakuna aliyekuwa hajui. Bi Mwalimu alingoja mpaka hitima ikaisha, akajifunga buibui lake, akaenda mwenyewe kituoni Wete kusema alilolisikia. Aliporudi, habari ilikuwa imeshamtangulia.

Nimewahi kuona watu wakikasirikiwa, lakini si vile. Walikuja ukumbini kwake wakubwa wa ukoo, pamoja na Shehe wa msikiti wetu, mtu mwema ambaye mpaka leo namwombea. Nilikuwa nimepelekwa kuwapa kahawa, nikasimama na birika pembeni.

"Bi Mwalimu," Shehe alisema kwa upole, "mtoto katamka jina. Sisi sote twalisikia. Na mtu akiwa pale alipokuwa yeye hasemi uongo."

"Hasemi uongo, Shehe. Kweli kabisa."

"Basi?"

"Basi hukosea. Kufa hakumzidishii ntu macho. Kama kizani hakuona akiwa mzima, hatoona akiwa anakufa."

Mkubwa wa ukoo akasema hakuna anayemtaka aseme uongo. Aseme tu la kwanza. La pili aliache, hakulisikia mtu mwengine, litakufa lenyewe.

"Miye sisomeshi nusu ya aya," alisema. "Makoongwe, wape kahawa wageni, wanakwenda zao."

Nikawapa. Nilijisikia fahari kubwa. Nilikuwa bado kijana, na mpaka siku ile nilikuwa sijamwona mwanamke akiwafukuza wakubwa kwa adabu namna ile.

Aliyemuumiza hasa ni mdogo wake. Alisimama mlangoni, hakuingia, akasema bila kupaza sauti: "Pumzi za mwisho za mwanangu, dada, umezitia kwenye koti. Ungezitia kwenye jina la Mungu." Kisha akasema kwamba hata kile kidole hakiamini tena. Akaondoka, na hakukanyaga pale kwa misimu kadhaa ya karafuu. Bi Mwalimu alimsomesha mtoto aliyekuwa zamu yake mpaka mwisho wa somo. Baadaye niliingia jikoni kwake nikamkuta anamenya muhogo na machozi yanamchuruzika. Aliniambia ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Kabla ya kesi alikuja wakili wa Mwenye Mbuzi kutoka Unguja, kijana aliyevaa viatu visivyofaa kwa tope letu. Bi Mwalimu alimweka kitako kwenye jamvi la chuo na kumuuliza yeye, badala ya yeye kuulizwa. Akataka kujua kwa nini mahakama inakubali maneno ya mtu asiyekuwepo. Wakili akamweleza kwamba kwa kawaida haikubali. Neno la kuambiwa linatupwa nje. Lakini mtu aliyeuawa, akisema jambo juu ya kuuawa kwake, neno lake hupokelewa, kwa sababu hawezi kuitwa tena, na kwa sababu watu huona kwamba aliyekaribia kwa Mola wake hana haja ya kudanganya. Ila jaji lazima alipime neno lenyewe. Palikuwa na mwanga? Mgonjwa alikuwa na fahamu? Alisema yote au alikatizwa? Na kuna kitu chengine cha kulitia nguvu? Maana ubaya wa neno la marehemu ni huo mmoja, alisema, kwamba hakuna wa kumhoji.

"Ubaya huo haupo," alisema Bi Mwalimu. "Nlimhoji miye."

Wakili akatoa kalamu.

Kesi ilisikilizwa Chake. Tulikwenda kwa basi la mbao, na humo ndani hakuna aliyekaa karibu naye ila mimi. Mume wangu alinikataza kwenda. Nilimwambia sahani zake ziko kabatini, na wali uko chunguni. Hilo nalo nililijifunza nyumba ya pili.

Jaji alikuwa Mzungu, na kando yake wazee watatu wa kumshauri, na mkalimani aliyesimama katikati. Wanaume wa kwetu walipanda mmoja mmoja wakasema jina. Kila mmoja alilisema vile vile, na kila likitajwa mama wa kijana aliinamisha kichwa. Mwenye Mbuzi alikuwa amekonda, amefungwa ndani ya uzio wa mbao, na alivyokuwa akitazama huku na huku utasema yeye ndiye beberu aliyefungwa nguzoni. Kisha akaitwa Bi Mwalimu.

Aliapa. Akasema yote, la kwanza na la pili. Wakili wa Serikali akasimama. Alikuwa mtu wa heshima, hakumpigia kelele. Alimuuliza kama si kweli kwamba chumba kilijaa sauti ya Yasin.

"Kweli."

"Na wenzako wote hawakusikia hayo ya koti."

"Wangesikiaje nao wanasoma?"

"Na wewe hukuwa unasoma?"

"La."

"Mwalimu wa Kurani. Mtoto wako anakata roho. Wote wanasoma, wewe husomi. Kwa nini?"

Aliligeukia benchi la watu wetu, si jaji, akawajibu wao.

"Kwa sababu nlikuwa namuuliza."

Manung'uniko yakapita, mtu mmoja akasema "astaghafirullah" kwa sauti. Jaji akataka kimya. Kisha yeye mwenyewe, kwa kupitia kwa mkalimani, akamuuliza kwa nini alimuuliza swali mtu aliye katika hali ile.

"Hakuwa na siku nyengine ya kuulizwa," alisema.

Wakili wa Serikali akamuuliza kama anataka kuiambia mahakama kwamba mshitakiwa hakuua. Bi Mwalimu akamtazama Mwenye Mbuzi, na nilimwona usoni ile chuki ya muhogo, haikupungua hata punje.

"Sikusema hakuua. Nasema miye sijui. Na marehemu naye hakujua. Alijua koti. Na koti lile nimeliona kwenye maungo ya nusu ya hawa walioapa leo."

Wazee wa ushauri hawakukubaliana. Wawili walimwona na hatia. Lakini jaji alisema analipokea neno la marehemu, na analiheshimu, na ndiyo maana analipokea zima. Na likiwa zima halitoshi kumnyonga mtu bila kitu chengine cha kulishika mkono. Mwenye Mbuzi akaachiwa. Alipotoka nje alikaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyesahau kutembea. Mama wa kijana alipita mbele ya dada yake bila kumtazama. Nilitaka kumkamata yule mama nimtikise, na nilitaka pia kulia naye.

Aliyeua hakujulikana mpaka leo. Wapo wanaosema bado ni Mwenye Mbuzi. Wapo wanaomtaja mwengine, ambaye alihamia Tanga msimu ule. Mimi sikuona, na sitamtaja.

Tukarudi kijijini, na chuo kikawa kitupu. Watu waliwatoa watoto wao wakawapeleka kwa mwalimu wa kijiji cha jirani, mbali na kisima, tope mpaka magotini. Bi Mwalimu aliendelea kukaa ukumbini kila asubuhi na fimbo yake, jamvi limetandikwa. Nikampeleka binti yangu, ambaye alikuwa bado mdogo hata kukaa kitako kwa utulivu hajui. Mume wangu alinuna. Mama mkwe akaniambia nitaitwa majina. Nikamwambia nimeshaitwa Makoongwe, hakuna litakalonishinda. Binti yangu akasoma peke yake na sauti ya mwalimu ile ile ya kufika kisimani, mpaka kidogo kidogo wengine wakachoka na tope wakarudi, bila mtu kusema neno.

Mwenye Mbuzi alimletea mbuzi jike wa shukrani. Alimrudisha siku hiyo hiyo, akamtuma anayemrudisha aseme kwamba hakufanya lolote kwa ajili yake, na kwamba kama anataka kushukuru afunge kamba mbuzi wale wengine. Hakuwafunga. Kiangazi kilichofuata waliula muhogo tena, na ugomvi ukaanza upya kama kawaida.

Siasa ilipoingia na watu wakaanza kugawana mpaka maduka ya kununua chumvi, vijana wa pande zote mbili walikuja, kila mmoja kwa wakati wake, kumtaka aseme kwamba kesi ile ilikuwa dhulma ya upande mwengine. Aliwauliza wote swali lake. Hawakurudi.

Kisha akaugua. Ilikuwa homa mbaya, ilimlaza mpaka akawa hatambui mchana na usiku, na Shehe akasema watu waitwe. Wakaja. Chumba kile kile kikajaa. Na hapo ndipo nilipowaelewa watu wa kwetu vizuri, na nikawakasirikia zaidi: hawakuja kumuaga tu. Walikuja kusikia. Walingoja kwamba sasa, amefika pale ambapo mtu hasemi uongo, atarudi nyuma.

Mdogo wake akaingia. Alikuwa amezeeka ghafla, kanga imemlegea. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada," alisema, "u njiani. Nambie sasa. Mwanangu kasema koti, au ulitia weye?"

Bi Mwalimu alifumbua macho.

"Nlikwambia n'li mzima. Hukunsadiki."

"Nambie sasa, ntakusadiki."

"Kwa kuwa nakufa?"

"Ndiyo, dada."

"Basi sikwambii." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile. "Neno langu ni lile nililolisema n'na nguvu zangu. Likiwa halikukufaa lile, hili halitokufaa. Wataka kunsadiki, nsadiki ningali na meno."

Mzee mmoja mlangoni, kwa kuona pamekuwa pazito, akaanza Yasin. Bi Mwalimu akainua mkono.

"Nyamaza kwanza. Sijesha kusema." Akameza mate. "Makoongwe. N'na njaa."

Nilikimbia jikoni. Niliporudi na bakuli la uji, mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni anajifunga kanga kutaka kwenda. Nikapishana naye. Hatua mbili, akasita, akageuka, akaninyang'anya bakuli mikononi, na akakaa tena pale pale ukingoni.

"Kula," alimwambia.

"Uji wa moto."

"Kula hivyo hivyo."

Akala. Hakuna aliyesema samahani, na Yasin haikusomwa siku ile. Watu waliondoka mmoja mmoja, wengine wakionekana kama wamepunjwa.

Akapona. Alipona na kurudia tambuu na uongo wa tumbaku, na mdogo wake akahamia chumba cha nyuma, na wakawa wanagombana kwa supu na kwa unga wa supu, mchana kutwa. La koti sikuwasikia wakilizungumza. La kidole niliwasikia mara moja, nikiwa upande wa pili wa ua wa makuti: mdogo aliuliza ni kidole cha mkono gani, na dada akasema wa kulia.

Alikufa asubuhi moja ya kawaida, si muda mrefu baada ya hapo. Tulikuwa uani, mimi na yeye. Alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo, mimi nakuna nazi, mdogo wake yuko ndani anafagia. Akasema, "Makoongwe, huyo kuku." Nikageuka nikamfukuza kuku aliyekuwa anadonoa mchele. Nilipomgeukia tena alikuwa ameegemea ukuta, ungo mapajani, na mkono wake wa kulia juu ya goti, kidole kimenyooka. Nilimwita. Mdogo wake akatoka na ufagio, akautupa, akapiga magoti, akakishika kile kidole na hakukiachia mpaka tulipomwingiza ndani.

Adhuhuri wakaja wakubwa. Mkubwa yule yule wa ukoo akaniuliza, maana nilikuwapo peke yangu, mwalimu alisema nini mwisho.

"Kasema, 'Makoongwe, huyo kuku.'"

Walitazamana. Akaniambia kwa upole kwamba hayo si maneno ya kuwapa watu mazikoni, kwa mtu aliyesomesha Kurani umri wote. Bila shaka alitamka shahada na mimi sikusikia, nilikuwa nashughulika na nazi. Niseme hivyo, kutakuwa na ubaya gani?

"Kidole nilikiona," nilisema. "Ulimi sikuusikia. Nilichokisikia ni kuku."

Akafungua mdomo kunijibu. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, na mdogo wake, buibui juu ya kichwa na macho yamevimba, akatoa uso.

"Mwacheni huyo," alisema. "Kama kasema kuku, ni kuku."